Ruzuku Ikiisha, Mtoto Bado Ana Msiba

Mtoto aliyefiwa na mama huko Kibosho au Uru, vijijini Moshi, mara nyingi hulelewa na bibi, kwenye kihamba (shamba la ukoo) kilekile alichokulia mama yake. Bibi naye amemzika mwanawe. Mtoto hasemi, asije akamliza bibi. Bibi hasemi, asije akamtonesha mtoto. Shuleni mwalimu anaona mtoto mzito darasani, basi.

Hapa Moshi tatizo hili limewahi kushughulikiwa kitaalamu, kwa fedha za ruzuku. Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani ilifadhili utafiti wa Pamoja Tunaweza, ulioongozwa na vyuo vikuu vya Duke na Washington, pamoja na mashirika mawili: TAWREF la Moshi na Ace Africa la Bungoma, Kenya. Walishiriki watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, nusu kila nchi, pamoja na walezi wao.

Washauri hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa wanajamii waliofunzwa na kusimamiwa kila wiki. Kulikuwa na vikao 12 vya vikundi, watoto kwao na walezi kwao, na vikao vitatu au vinne vya mtoto na mshauri peke yao. Hapo ndipo mtoto alisimulia kifo cha mzazi, kidogo kidogo, hadi aweze kukitaja bila kukikimbia. Mlezi naye alifundishwa kumsikiliza. Kwangu hiki ndicho kiini cha tiba yote: huwezi kumtibu mtoto ukamrudisha kwa mtu mzima asiyejua la kufanya na machozi yake.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Vikao vilipomalizika, watoto wa Bungoma mjini na vijijini, na wa Moshi mjini, walikuwa wamepata nafuu kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Baada ya mwaka, tofauti ilibaki Kenya; Tanzania makundi mawili yalikuwa yamelingana, kwa kuwa hata wale wa huduma za kawaida walikuwa wamepata nafuu. Wapo watakaosema basi Moshi haihitaji. Sikubaliani nao. Utafiti huohuo ulidokeza kuwa huenda tiba inawafaa zaidi watoto wenye shida nzito, kama njaa nyumbani na mlezi mgonjwa, na watoto wa namna hiyo tunao.

Sasa fedha. Ruzuku ya utafiti hununua ushahidi: mafunzo, vipimo, nauli za walezi. Ushahidi ukipatikana, mkataba umekwisha. Kinachodumisha huduma ni usimamizi, yaani mtu wa kumuuliza mshauri kila wiki kikao kilikwendaje na yule mtoto aliyenyamaza amefikia wapi. Usimamizi ndio kifungu cha bajeti cha kwanza kufa mradi ukifungwa. Tena njia yenyewe imekuwa nyembamba: Mei 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitangaza kusitisha mikataba midogo mipya ambayo kwayo vyuo vyao hupitisha fedha kwenda taasisi za nje, hadi utaratibu mwingine uwekwe.

Bungoma waliendelea kwa kuwafunza walimu na wahudumu wa afya ya jamii, watu ambao mradi ukifungwa bado wapo kazini. Sisi pia tuna pa kuanzia. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 nchi nzima, na Desemba 2021 ilizindua programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto hadi miaka 8. Maafisa ustawi wa jamii wapo kwenye halmashauri. Rufaa zina pa kwenda: hospitali za Mawenzi na KCMC.

Kinachohitajika ni kifungu cha mafunzo na usimamizi katika mpango wa afya wa halmashauri, kwa fedha zetu wenyewe hata zikiwa kidogo. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na bajeti huandaliwa miezi mingi kabla. Muulize diwani wako mapema kama kifungu hicho kimo.