Namba za Bugando, Majina ya Nyegezi: Mitindo ya Marejeo Ilikotoka

Agosti 1995 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza. Pale ambapo tiba ya magonjwa ya zinaa iliboreshwa kwenye zahanati na vituo vya afya, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takribani asilimia 40. Mwaka 1999 jarida hilohilo likatoa matokeo ya Rakai, Uganda, upande wa pili wa Ziwa Victoria. Huko watu walipelekewa dawa za magonjwa hayo majumbani, na maambukizi ya VVU hayakupungua. Tangu hapo ni nadra kukuta Mwanza inatajwa bila Rakai.

Sasa chukua makala inayotaja tafiti hizo mbili kwa mtindo wa namba. Mwanza ni rejeo la 14, Rakai la 15. Mhakiki anataka uongeze chanzo kimoja kwenye utangulizi. Unakiongeza kwa mkono, orodha inasogea, lakini namba ndani ya matini zinabaki zilivyokuwa. Sentensi yako inayosema tiba haikupunguza VVU bado ina namba 15, na 15 sasa ni Mwanza. Umeusingizia utafiti wa nyumbani kwenu kinyume cha ulichogundua, na hakuna neno hata moja ulilokosea.

Ninaanzia hapo kwa sababu wadogo zangu walioko Mwanza, ambao hunitumia miswada yao huku Ulaya niipitie, huyachukulia marejeo kama urembo wa mwisho. Wanauliza mbona daktari wa hospitali ya Bugando anaandika namba, na mtu wa samaki wa chuo cha Nyegezi anaandika jina na mwaka. Jibu lina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani.

Mtindo wa jina na mwaka ulianza kwa mtaalamu wa wanyama. Mwaka 1881 Edward Laurens Mark wa Harvard alichapisha utafiti kuhusu mayai ya konokono asiye na gamba, na ndani yake akaanza kuweka mwaka wa chapisho kwenye mabano ili msomaji akalitafute mwishoni. Ndiyo maana mtindo huu huitwa Harvard, ingawa chuo chenyewe hakikuutungia sheria yoyote. Wataalamu wa viumbe waliupenda kwa sababu nzuri: kwao mwaka una uzito. Ukisoma “Witte na wenzake, 1992” kuhusu samaki aina ya furu wa Ghuba ya Mwanza, unajua papo hapo kwamba ni takwimu zilizotoka baada ya sangara kuwafagia, zikiandikwa na timu ya Leiden iliyokuwa ikiwahesabu furu hao tangu 1977. Namba 23 isingekuambia lolote.

Namba nazo zina watu wake. Enzi za taipureta kila jarida la tiba lilikuwa na matakwa yake, kwa hiyo makala ikikataliwa London na kupelekwa Boston, orodha nzima ilipigwa chapa upya. Januari 1978 wahariri wachache wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, wakakubaliana kupokea miswada ya umbo moja. Masharti yao yalitoka mwaka uliofuata, na umbo la marejeo lilitengenezwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Kikao kile ndicho kilichokua kuwa kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba. Lengo lilikuwa kumpunguzia mwandishi kazi, jambo ambalo ukiwa saa saba usiku unahangaika na nukta na mikato ni vigumu kuliamini.

Lakini umbo lolote lina wanaoachwa nje. Makala ile ya Mwanza ina waandishi 14. Kwa mtindo wa Vancouver unaotaja sita kisha “na wenzake”, utaandika hivi: Grosskurth H, Mosha F, Todd J, Mwijarubi E, Klokke A, Senkoro K, et al. Lancet yenyewe huishia kwa watatu. John Changalucha, ambaye baadaye aliongoza kituo cha utafiti wa tiba cha NIMR Mwanza, ni wa nane, hivyo hatokei kokote. Kwa mtindo wa APA wa 2019, unaoruhusu majina mpaka 20, wote 14 wanaonekana. Sioni njia ya mwanafunzi kubadili hilo, kwani jarida ndilo linaloamua. Ila pale jarida linapokupa hiari, mimi huchagua umbo linalotaja wengi.

Majina yetu yana balaa lake jingine. Mitindo hii ilijengwa na watu wenye jina la ukoo linalorithiwa. Sisi wengi tuna jina letu, la baba na la babu. Binti akiwa Neema Masanja Shija, leo jarida litamwandika Shija NM, kesho mwenzake aliyemzoea kwa jina la baba atamwandika Masanja N, na kwenye hifadhidata watakuwa wanawake wawili, kila mmoja na nusu ya kazi. Chagua umbo moja kabla ya makala ya kwanza, na ujisajili ORCID, namba ya utambulisho wa watafiti iliyoanza 2012. Wasukuma mna la ziada: ile alama katika Ng'. Kompyuta moja inaiandika imenyooka, nyingine imepinda, ya tatu inaitupa, na utafutaji unashindwa kuziunganisha. Nakili jina kama lilivyo kwenye rekodi ya jarida, usilisahihishe kwa kumbukumbu.

Watu wa samaki, jihadharini na mabano. Ngege ni Oreochromis esculentus (Graham, 1928). Mabano hayo si rejeo. Yanamaanisha kwamba Michael Graham ndiye aliyempa samaki huyo jina, lakini akimweka kwenye jenasi ya Tilapia, kisha wengine wakamhamisha. Angebaki kwenye jenasi ileile, mabano yasingekuwepo. Programu ya kupanga marejeo haijui tofauti hiyo, na mhariri asiye wa fani anaweza kukuambia Graham 1928 hayumo kwenye orodha. Baadhi ya majarida hutaka chanzo cha jina kiingizwe, mengi hayataki, kwa hiyo soma maelekezo yao kwanza.

Kuhusu programu sina mengi. Zotero, iliyotoka 2006, ni ya bure na inatosha. Iweke siku unayosoma makala ya kwanza, si siku ya kutuma. Itasogeza namba zote yenyewe, na ukihama kutoka jarida la namba kwenda la majina ni kubofya tu. Haitatambua kwamba rekodi uliyoivuta ina herufi kubwa ovyo au imekosa juzuu. Hayo utayaona wewe kwa macho. Majarida mengi siku hizi hupokea mtindo wowote kwa mara ya kwanza, mradi uwe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Kuna hatari moja ambayo wahariri wa 1978 hawakuiwaza: marejeo yaliyotungwa na programu za akili bandia, yenye waandishi wa kweli, jarida la kweli na makala ambayo haijawahi kuwepo. Fungua kila DOI, ile namba ya kudumu ya utambulisho wa makala, kabla ya kutuma, na uhakikishe inakupeleka kwenye makala uliyoitaja.

Isipokuwa pale ambapo DOI haipo kabisa. Tasnifu nyingi na ripoti za idara hazina, na ripoti ya Graham ya 1929 kuhusu uvuvi wa ziwa ilichapwa London miongo kadhaa kabla mfumo huo haujabuniwa. Andika mwandishi, mwaka, jina kamili la ripoti, mji na mchapishaji. Mfumo wa jarida ukikulazimisha kujaza kisanduku cha DOI, usibuni kitu; mwandikie mhariri kwamba haipo.