Asemapo "Mimi", Ni Nani Asemaye?

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya wasichana upande wa Msambweni. Nikiwa katikati ya mazungumzo, msichana mmoja alianguka, akatetemeka, kisha akanena kwa sauti nzito ya kiume: "Mimi si huyu. Huyu ni kiti changu." Mwalimu mmoja akaagiza kiboko, akidai hiyo ni hila ya kukwepa mtihani. Mwingine akataka aitwe mganga kutoka Diani. Nami, mwanaisimu, nikatoa daftari nikaiandika sentensi ile. Aibu hiyo ndiyo iliyonisukuma kuyaandika makala haya.

Pwani yetu humwita mwenye pepo "kiti", kwa maana pepo humpanda na kusema kwa kinywa chake. Hata sarufi humwondolea mtu huyo utendaji: yeye hupandwa, hupagawa, hupungwa. Katika ngoma, mganga humwuliza pepo maswali mawili: "U nani?" na "Wataka nini?" Pepo akishajitaja kuwa Mwarabu au Mmasai, hudai nguo, marashi au karamu. Roger Gomm, katika makala aliyoyachapisha mwaka 1975 kuhusu Wadigo, alieleza kuwa kwa njia hiyo mke asiye na kauli nyumbani aliweza kumdai mumewe bila ya yeye mwenyewe kulaumiwa.

Madaktari nao wanaitambua hali ambamo nafsi mbili au zaidi hupokezana kumtawala mtu mmoja, naye akabaki na mapengo katika kumbukumbu zake. Mwongozo wa Marekani wa maradhi ya akili uliiita hali hiyo nafsi nyingi mwaka 1980. Mwaka 1994 ukaibadili jina ikawa mtengano wa utambulisho, kwani tatizo si wingi wa watu ndani ya mmoja, bali ni mtu mmoja aliyeshindwa kuziunganisha sehemu za nafsi yake. Toleo la mwaka 2013 likakiri kuwa katika baadhi ya jamii hali hiyo hudhihirika kama kupagawa. Aghalabu wanaougua walidhulumiwa vikali utotoni. Hata hivyo, mwongozo huo huo unaonya kuwa pepo aliye sehemu ya kawaida ya mila au ibada ya watu asihesabiwe kuwa maradhi.

Je, nadai kwamba kila kiti wa Kwale ni mgonjwa? La hasha! Wala sisemi kwamba msichana yule alikuwa na maradhi hayo. Kuamua hivyo si kazi ya mwanaisimu, wala si ya mwalimu. Ninalolisema ni kwamba mganga na daktari, pamoja na tofauti zao zote, huanza kwa kuuliza. Kiboko hakiulizi.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akinena kwa sauti isiyo yake, uondoeni umati, mtulizeni, na akihitaji mpelekeni hospitali. Akisharejewa na fahamu, mwulizeni faraghani, kwa upole, ni nini kinachomsumbua nyumbani, njiani au hapo hapo shuleni.

Muhula uliofuata msichana yule hakurudi. Daftari langu lingali na maneno ya pepo. Maneno yake mwenyewe hayamo, kwa kuwa sikumwuliza.