Gharama za Matibabu kwa Wazee Wenye Ulemavu: Nani Aubebe Mzigo?

Utangulizi

Katika madarasa yetu ya siasa swali hili huulizwa mara kwa mara: ikiwa mzee asiye na uwezo hutibiwa bure, mbona bado anauza mbuzi, hata kipande cha shamba, ili atibiwe? Swali hili si la uchochezi. Ni swali la haki, na kada asiyeweza kulijibu hawezi kuitetea siasa yake mbele ya wananchi. Makala haya yanakusudia kueleza gharama hizo zinatoka wapi, kwa nini zinamwelemea zaidi mzee mwenye ulemavu, na wajibu wetu ni upi.

Msingi wa Haki

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilieleza kwamba katika nchi ya ujamaa kila anayeweza kufanya kazi hufanya kazi na kuishi kwa jasho lake. Lakini liliwatoa katika sharti hilo watoto wadogo, wazee wasiojiweza na vilema, kama walivyoitwa wakati ule. Hao kutunzwa na jamii si unyonyaji.

Katiba ya mwaka 1977 nayo, katika ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Hata hivyo ibara ya 7 inaeleza kwamba masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa kwa amri ya mahakama. Tulielewe vizuri jambo hili. Mzee hawezi kumshtaki mtu akikosa msaada huo. Mlinzi wa haki yake ni vikao vyetu na bajeti zetu. Tukilala sisi, haki yake imelala.

Wala tusiiite haki hiyo sadaka. Wazee wengi wa leo walikuwa wakulima. Pamba, kahawa, katani na korosho zao ndizo zilizoleta fedha za kigeni zilizojenga shule na zahanati. Lakini mkulima hana pensheni, kwa kuwa mifuko ya hifadhi iliwekwa hasa kwa ajili ya watu wenye mishahara. Kwa maana hiyo mzee wa kijijini anadai, haombi.

Tulifikaje Hapa?

Baada ya Azimio, hospitali za Serikali ziliwatibu wananchi wa kawaida bila malipo, na mwaka 1977 sheria ilizuia matibabu ya kujipatia faida. Kisha uchumi ukayumba: vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta, kushuka kwa bei ya mazao yetu, na baadaye masharti ya wakopeshaji. Mwaka 1991 hospitali za watu binafsi ziliruhusiwa tena, na mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa kuchangia gharama.

Kada mkweli hataficha kwamba hata kabla ya uchangiaji zahanati nyingi zilikuwa tupu. Dawa isiyokuwapo haiponyi, hata ikiwa bure.

Ili kuwalinda wanyonge uliwekwa msamaha, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawataja wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Nia ni njema. Kasoro iko katika hesabu. Hospitali inayotegemea ada ili inunue dawa, kila inapomsamehe mgonjwa hupungukiwa. Kama hakuna anayeifidia, stoo ya dawa hukauka. Mzee huonwa na daktari bure, kisha hupewa karatasi akanunue dawa dukani. Msamaha usiofidiwa ni deni alilohamishiwa mgonjwa.

Gharama Zilizojificha

Tuchukue mfano. Mzee amekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, naye hutakiwa kwenda kliniki ya wilaya kila mwezi. Hawezi kwenda peke yake, hivyo mjukuu humsindikiza. Kwenda na kurudi, watu wawili, ni nauli 4. Kwa mwaka ni nauli 48. Kijana mzima anayeugua malaria mara moja hulipa nauli 2. Wote wawili wanaweza kuandikiwa "bure" dirishani, lakini mzee amelipa mara 24 zaidi hata kabla hajafika dirishani. Tena:

(a) Hawezi kutembea mpaka kituo cha basi, kwa hiyo hukodi pikipiki.
(b) Mjukuu hupoteza siku za shamba au za shule.
(c) Mguu wa bandia, kiti cha magurudumu, miwani na kifaa cha kusikia huchakaa na hutaka kubadilishwa.

Kadhalika kuna ulemavu ambao ungeweza kuzuiwa. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mdogo. Mzee akiukosa kwa ajili ya nauli, kaya hupata mtu asiyeona na kupoteza mtoto anayebaki nyumbani kumwongoza. Kubana senti hapa ni kuzaa hasara kubwa kule.

Bima nayo ipimwe kwa kipimo hicho. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu 6 katika mikoa mingi ilitakiwa kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Kiwango kilikuwa kimoja kwa kaya yenye vijana watatu wenye nguvu na kwa bibi anayelea wajukuu. Usawa wa malipo kati ya watu wasio sawa si usawa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka njia ya kuwagharamia wasio na uwezo. Kipimo chake kitakuwa huyo bibi. Zanzibar nayo, tangu mwaka 2016, huwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi, bila kuuliza kama waliwahi kuajiriwa.

Wajibu Wetu

Kwanza, kila kijiji kiwe na orodha ya kweli ya wazee wenye ulemavu, isomwe hadharani katika mkutano mkuu, ili asiingizwe shemeji ya kiongozi na kuachwa mnyonge.

Pili, madiwani wadai kuelezwa: msamaha umeigharimu hospitali kiasi gani, na nani ameurudisha?

Tatu, kliniki iende kwa wazee. Mganga mmoja na sanduku la dawa akifika kijijini mara moja kwa mwezi huokoa nauli za wazee ishirini.

Nne, tusimtwishe mjukuu kazi ya taifa kwa kisingizio cha mila. Jamaa hutunza wazee wao kwa upendo, lakini upendo haununui insulini.

Hitimisho

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye miguu miwili hahesabu nauli 48. Kada aende akazihesabu. Kabla ya kikao kijacho cha tawi, kila mmoja wetu amtembelee mzee mmoja mwenye ulemavu, amwulize alitumia nini mara ya mwisho alipotibiwa, na aandike jibu. Majibu hayo yakiwekwa mezani, tutajua kama neno "bure" lina maana kwetu au ni wino tu.