Mtoto akiwa karantini, mwambie siku ya kutoka

Mgonjwa wa kwanza wa corona nchini, aliyetangazwa Machi 16, 2020, alishukia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, hapa jirani. Kesho yake Serikali ikafunga shule. Nchi haikufungiwa ndani, na Kahe watu waliendelea kwenda mashambani, lakini wasafiri waliotoka nje walitakiwa kukaa karantini siku 14.

Usidhani hayo yamepita. Ugonjwa wa Marburg uliibuka Kagera mwaka 2023 na tena 2025, na aliyegusana na mgonjwa wa Marburg hufuatiliwa siku 21.

Mwaka 2020 watafiti wa King's College London walipitia tafiti 24 kuhusu watu waliowahi kutengwa kwa sababu ya magonjwa kama SARS na Ebola. Wengi walipata hofu, hasira, kukosa usingizi na msongo wa mawazo, na kwa baadhi yao hali hiyo iliendelea hata baada ya kutoka. Kilichowaumiza zaidi ni siku kuwa nyingi, mahitaji kukosekana, na kutoelezwa kinachoendelea.

Hilo la mwisho ndilo lililo mikononi mwa mzazi. Mtoto anayewekewa sahani mlangoni bila maelezo hujijazia mwenyewe: nimekosa nini? Mwambie, "Mwanangu, hujakosa kitu. Daktari amesema tukae siku 14, tutatoka Jumamosi ile." Chora siku hizo ukutani, afute moja kila jioni. Zikiongezwa, mweleze sababu siku hiyohiyo. Bibi yake apigiwe simu kila siku, hata kama hawana jipya la kuambiana.

Mtoto mdogo aliyeacha kukojoa kitandani anaweza kuanza tena, au akalalamika tumbo lisilo na ugonjwa. Kumchapa kunazidisha. Kijana yeye hununa na kujifunika shuka na simu yake.

Na baba je? Mwenye shamba la mpunga, zamu ya maji ya mfereji haimsubiri. Anakaa ndani akijua majaruba yanakauka, na hasira hiyo inaishia kwa mama na watoto. Hapa ushauri pekee hautoshi. Jirani akimfungulia maji zamu yake, amewasaidia wote nyumbani humo.

Siku zikiisha kuna kazi nyingine. Shuleni wenzake wanaweza kukataa kukaa naye dawati moja. Nenda ukamwone mwalimu kabla mtoto hajarudi, ili awaeleze wanafunzi kwamba mwenzao amemaliza siku zake na si hatari kwao.

Wiki mbili zikipita bado halali, hali vizuri au hachezi, mpeleke kituo cha afya. Mjini Moshi kuna Hospitali ya Mawenzi na KCMC. Mtoto mwenyewe akitaka kuongea na mtu, namba 116 ya huduma ya simu kwa watoto hupigwa bure. Akizungumza kuhusu kujidhuru, msisubiri wiki hizo mbili, nendeni siku hiyohiyo.