Gego la Miaka Sita na Utando Unaolilinda

Mtoto akikaribia miaka sita, nyumba nzima huwa na macho kwenye meno ya mbele. Jino linalolegea husukumwa kwa ulimi kutwa, likidondoka hurushwa juu ya paa, kisha watu husubiri pengo lijazwe. Wakati huohuo, nyuma kabisa ya magego ya utoto, gego la kwanza la kudumu linachomoza kimyakimya, bila jino lolote kudondoka ili kulipisha. Yako manne, mawili juu na mawili chini. Kwa kuwa hakuna pengo lililotangulia, wazazi wengi huyahesabu pamoja na meno ya utoto, na siku moja likitoboka hawashtuki. "Si litang'oka tu, daktari, lije lingine?" Kliniki sijasikia swali linaloniumiza kuliko hilo, maana halitakuja lingine.

Gego hili huoza upesi kwa sababu ya umbo lake. Uso wake wa kutafunia umejaa mianya, na baadhi ya mianya hiyo ni myembamba kuliko uzi mmoja wa mswaki. Mtoto anaweza kupiga mswaki vizuri kabisa asifike chini yake. Mabaki ya vyakula vya wanga na sukari hunasa humo, bakteria huyageuza kuwa asidi, na asidi hiyo humung'unya madini ya jino mahali ambapo enameli, gamba gumu la nje, ni nyembamba. Floraidi iliyomo kwenye dawa ya meno hulinda sana pande laini za jino, lakini mianyani msaada wake hupungua. Marekani inakadiria kwamba kwa watoto wa shule, matundu 9 kati ya 10 hutokea kwenye meno ya nyuma. Tena gego huchukua miezi mingi tangu litoboe ufizi hadi likutane na mwenzake wa taya la pili. Muda wote huo liko chini kuliko majirani zake, na mswaki unapita juu yake bila kuligusa.

Hapo ndipo silanti inapofaa. Ni utando mwembamba wa plastiki unaopakwa ukiwa majimaji, ukatiririka hadi ndani ya mianya, kisha ukagandishwa. Mlango wa kazi hii ulifunguliwa mwaka 1955 na Michael Buonocore wa Rochester, jimbo la New York, alipoonyesha kuwa enameli ikipakwa asidi ya fosforiki hukwaruzika na kupata vitundu vidogo mno ambamo plastiki inaweza kujishikiza. Hadi leo kazi inajengwa juu ya kanuni hiyo. Jino linasafishwa, linazungushiwa pamba ili mate yasilifikie, linapakwa asidi kwa sekunde chache, linaoshwa na kukaushwa mpaka liwe jeupe kama chaki. Utando unapakwa, unamulikwa kwa mwanga wa buluu, basi. Hakuna sindano wala kutoboa. Kinachoharibu kazi ni mate: yakigusa jino baada ya asidi, hata kwa nukta moja, utando hautashika na inabidi kuanza upya.

Je, unalinda kiasi gani? Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa mwaka 2016 takwimu zinazonukuliwa mara nyingi: silanti huzuia asilimia 80 ya matundu ya magego katika miaka miwili ya kwanza, na huendelea kuzuia asilimia 50 hadi mwaka wa nne. Takwimu hizo ni za kutia moyo, ila mzazi anahitaji kujua asilimia hizo ni za nini. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2017 yanasaidia hapa. Chukua watoto ambao, wasipozibiwa, nyuso 16 za magego kati ya 100 zingeoza ndani ya miaka miwili. Wakizibiwa, zitaoza kama 5, kwa hiyo zimeokolewa 11. Sasa chukua watoto walio katika hatari kubwa, ambao wasipozibiwa zingeoza 70 kati ya 100. Wakizibiwa zitaoza kama 19, na 51 zimeokolewa.

Kwa hiyo utando uleule, uliopakwa kwa mkono uleule, huokoa meno mengi zaidi kinywani mwa mtoto anayekunywa soda kila siku, ambaye magego yake ya utoto tayari yana matundu na ambaye nyumbani kwao dawa ya meno huisha ikakaa wiki bila kununuliwa. Kwa masikitiko, huyo ndiye anayeukosa. Anayeletwa kliniki kuzibiwa mara nyingi ni yule ambaye angepona hata bila utando. Kama shule au wilaya ina fedha za watoto wachache tu, mimi ningeanza na wale ambao vinywa vyao tayari vimeonja matundu.

Kushuka kutoka asilimia 80 hadi 50 kuna sababu rahisi: utando huchakaa na kumeguka. Ukibaki mzima, mwanya uko salama. Ndiyo maana kila mara mtoto anaporudi kuangaliwa, daktari hupitisha chombo chenye ncha juu ya utando na kuongezea palipomeguka. Wazazi wengine huogopa kwamba utando ukitoka, jino litakuwa dhaifu kuliko mwanzo kwa sababu lilipakwa asidi. Tafiti zilizofuatilia meno ya aina hiyo hazikuona hivyo. Hatari yake haikuzidi ile ya jino ambalo halikuwahi kuzibwa.

Hofu nyingine ni ya kufungia uozo ndani. Ikiwa uozo ndio kwanza unaanza na uso wa jino haujabomoka, kuuziba vizuri hukata chakula cha bakteria, idadi yao hupungua na uozo husimama. Tundu lililokwisha bomoka ni jambo jingine, hilo linahitaji matibabu yake.

Katika zahanati isiyo na umeme wa uhakika wala mashine ya kufyonza mate, plastiki ni ngumu kuitumia. Tanzania ina historia ya kujivunia katika kutafuta njia mbadala. Katikati ya miaka ya 1980 ndipo ilipoasisiwa hapa njia ya kutibu meno kwa vifaa vya mkono tu, bila drili, ambayo baadaye Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwingineko. Njia hiyo hutumia saruji ya ionoma ya kioo, na saruji hiyo huziba mianya pia: daktari huibandika juu ya gego na kuikandamiza kwa kidole chenye glovu iliyopakwa vaselini. Hutoka upesi kuliko plastiki, lakini huvumilia unyevu zaidi na huachia floraidi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na maji ya floraidi yenye madini ya fedha, ambayo hupakwa tu. Jaribio kubwa katika shule za jiji la New York, lililotoa matokeo kuanzia mwaka 2023, liliona kuwa dawa hiyo ya fedha haikuzidiwa na silanti ya saruji ya ionoma katika kuzuia matundu. Huacha weusi palipooza, na mzazi aelezwe hilo kabla haijapakwa.

Utando haugusi sehemu jino linapokutana na jirani yake, wala ukingo wa ufizi. Huko mswaki na dawa yenye floraidi, mara mbili kwa siku, havina mbadala. Mkague mwanao tangu miaka mitano na nusu: akae mwangani, afungue kinywa, hesabu magego kila upande wa taya. Ya utoto ni mawili. Ukiona la tatu nyuma yake, limefika, mpeleke akaangaliwe. Rudia ukaguzi huo akikaribia miaka 12, gego la pili la kudumu linapochomoza nyuma ya hilo, katika umri ambao mtoto hapigishwi tena mswaki na hakuna anayemwambia afungue kinywa.