Sanduku Linaloenea Kiganjani: Jinsi ya Kutengeneza Letaboksi Ndogo Isiyoingiza Maji

Hebu fikiria umetembea masaa matatu porini, mvua inakunyeshea, buti zimejaa tope. Maelekezo yamekwambia utafute jiwe lenye umbo la kiti, uhesabu hatua ishirini kuelekea kusini, kisha uingize mkono chini ya mzizi wa mti. Unaingiza mkono. Kweli, kikopo kipo! Unakifungua kwa furaha na ndani unakuta uji. Karatasi imelowa, wino umesambaa, majina ya wote waliokutangulia yamefutika.

Hicho ndicho kinachowauma zaidi watu wa mchezo wa letaboksi. Na mara nyingi kosa si la mvua, ni la aliyetengeneza kikopo.

Kwa ambaye hajawahi kuusikia mchezo huu, asili yake ni Dartmoor, nyanda za juu zenye mawe na matope huko Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1854 mwongoza watalii mmoja aliyeitwa James Perrott aliacha chupa sehemu inayoitwa Cranmere Pool, mbali kabisa na barabara. Waliofanikiwa kufika waliacha humo kadi zao zenye majina, kama ushahidi kwamba walifika. Baadaye chupa ikawa sanduku, kadi zikawa daftari la wageni, na mihuri ya raba ikaingia.

Siku hizi mchezo ni hivi. Mtu anaficha sanduku lenye muhuri na daftari, kisha anatoa maelekezo ya mafumbo. Wewe unakwenda na muhuri wako, daftari lako na pedi yako ya wino. Ukilipata, unagonga muhuri wa sanduku kwenye daftari lako, na muhuri wako kwenye daftari la sanduku. Halafu unarudisha kila kitu kilipokuwa na kuondoka kimya kimya. Hakuna zawadi wala pesa. Muhuri tu.

Marekani mchezo ulishika kasi baada ya jarida la Smithsonian kuandika habari zake Aprili 1998. Miaka miwili baadaye, Mei 2000, ukazaliwa ndugu yake, jiokeshi, ambao unatumia GPS badala ya mafumbo. Hao wa jiokeshi ndio mafundi wa vyombo vidogo, na watu wa letaboksi wameiba mbinu zao nyingi tu.

Sasa kwa nini mtu ahangaike na kikopo kidogo badala ya kuweka bakuli zuri la plastiki lenye mfuniko? Sababu ni sehemu ya kuficha. Bakuli linahitaji shimo chini ya jiwe kubwa. Kikopo kidogo kinaingia kwenye ufa wa gogo, nyuma ya nguzo ya uzio, hata kwenye bustani ya mjini ambako watu wanapita kila dakika. Lakini udogo una gharama yake, na gharama hiyo wengi wanaigundua wakiwa wameshachelewa.

Chombo maarufu kuliko vyote kilikuwa kile kikopo cha plastiki cha filamu ya kamera, zile filamu za zamani za milimita 35. Waliowahi kufanya kazi studio ya picha wanakikumbuka: urefu kama sentimita 5, upana kama 3. Zamani vilitupwa ovyo, siku hizi kukipata ni bahati. Na ukweli usemwe, sifa zake zimezidi kazi yake. Vipo ambavyo mfuniko unakaa kwa nje, na vipo ambavyo mfuniko unazama ndani ya mdomo. Ukipata, chukua ule unaozama ndani, unabana vizuri zaidi. Hata hivyo, ukikiacha porini misimu miwili mitatu, usishangae kukuta maji.

Mimi ningependekeza kitu ambacho huenda kipo nyumbani kwako: kikopo cha vile vipande vya kupimia sukari ya damu. Vipande hivyo vinaharibika vikipata unyevu, kwa hiyo kiwandani kikopo kimetengenezwa kifunge kwa nguvu, na ndani kimewekewa kitu kinachonyonya unyevu. Mgonjwa akimaliza vipande, kikopo kinatupwa. Ni hasara! Hali kadhalika ile mirija mirefu ya vidonge vya vitamini C vya kuyeyusha kwenye maji. Ule mfuniko wake wenye punje zinazochezacheza ndani, hizo punje kazi yake ni kunyonya unyevu. Hazidumu milele, zikishashiba hazifanyi kitu tena, ila mwanzo zinasaidia sana.

Kingine kizuri ni prifomu, yaani ile chupa ya soda kabla haijapulizwa kiwandani. Inafanana na mrija mnene wenye mdomo wa chupa, na inafungwa na kizibo kile kile cha soda. Plastiki yake ni nene, na kizibo kimeundwa kuzuia gesi isitoke, kwa hiyo maji kuingia ni kazi. Shida yake ni wembamba, muhuri lazima uwe kama kidole.

Makopo ya bati ya peremende mimi siyapendi. Yanavutia kwa macho na yanaenea mfukoni, lakini bawaba yake inapitisha maji na kutu inaanza mapema. Tena kuna harufu. Chombo kilichowahi kubeba peremende au chakula kinaita wanyama, na mnyama hana subira ya kufungua mfuniko, anatafuna. Chochote utakachotumia, kioshe kwa sabuni na ukiache wazi siku kadhaa mpaka harufu iishe. Cha dawa, hakikisha hakuna hata chembe ya kidonge iliyobaki na lebo imebanduliwa yote, maana anayeweza kukiokota ni mtoto.

Hebu tuelewane kuhusu maji, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Watu wanadhani maji yanaingia kwa sababu mvua inanyesha juu ya mfuniko. Kumbe kikopo kinapumua. Mchana jua linakipasha moto, hewa ya ndani inatanuka na kutoka kidogo kidogo. Usiku baridi inakuja, hewa iliyobaki inasinyaa, kikopo kinavuta. Kama pale kwenye mfuniko pamekaa tone la maji, linavutwa ndani. Siku ya kwanza tone moja, baada ya mwezi kuna bwawa.

Ndiyo maana wazoefu wanaweka kikopo mdomo ukiangalia chini. Maji hayapati pa kutuama. Na kabla ya kufunga wanafuta ukingo wa mdomo kwa kidole, kwa sababu hata unyuzi mmoja wa karatasi ukibanwa pale unafanya kazi kama utambi wa taa, unanyonya maji kutoka nje kwenda ndani.

Kujaribu ni rahisi. Weka karatasi kavu ya chooni ndani, funga, kisha kizamishe kwenye maji ya moto kiasi. Hewa itatanuka, ukiona vipovu vinatoka kwenye mfuniko, hicho hakifai. Kisipotoa vipovu, kifunge jiwe kizame kwenye ndoo ya maji baridi usiku kucha. Asubuhi kaushe nje kabisa ndipo ufungue. Karatasi ikiwa kavu, umepata chombo.

Tuje kwenye muhuri, na hapa ndipo raha yenyewe ilipo. Katika letaboksi, muhuri wa kuchonga kwa mkono unaheshimiwa kuliko wa dukani. Kinachotumika ni ufutio, ule mweupe laini wa wanafunzi. Kwa kikopo cha filamu, kata kipande chenye upana wa sentimita 2, urefu 4 na unene 1. Kikisimama wima kinaingia, na bado kinabaki kinafasi cha kuzungusha karatasi pembeni. Usikate kwa kukisia. Pima kikopo chako kwanza, kwa sababu mdomo mara nyingi ni mwembamba kuliko tumbo.

Chora picha kwa penseli laini kwenye karatasi, ukiikoleza. Lalia karatasi juu ya ufutio, upande wa mchoro ukiangalia chini, kisha sugua mgongo wake kwa kucha. Mchoro utahamia ukiwa umegeuka kushoto-kulia, na ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa ukigonga utageuka tena na kukaa sawa. Anayeruka hatua hii na kuchora moja kwa moja kwenye ufutio anaishia na herufi zinazosomeka kwenye kioo tu.

Chonga kwa kisu chenye ncha kali, ukiondoa sehemu zisizotakiwa kuchukua wino. Siri ni mwinamo. Kisu kiinamie nje ya mstari, ili mstari uliobaki uwe mwembamba juu na mpana chini, kama tuta la viazi. Ukikata kwa kuingia chini yake, mstari utapinda ukigongwa na mwisho utakatika. Na kwa ukubwa huu usijipe kazi ya kuchora uso wa mtu na nywele zake. Jani, ndege, samaki, umbo moja la kueleweka. Mistari inayokaribiana inajaa wino, picha inageuka kuwa doa.

Kuna jambo dogo ambalo halisemwi sana. Kama ulisoma shule na mkebe wa hesabu, unakumbuka jinsi ufutio ulivyogandana na rula hadi rula ikabonyea? Ule ufutio mweupe una mafuta yanayolainisha plastiki, na mafuta hayo yanakula aina fulani ya plastiki ngumu inayong'aa. Ndiyo maana dukani ufutio unauzwa ukiwa umevishwa gamba la karatasi. Sasa ukiufungia miezi sita ndani ya kiboksi cha plastiki ya aina hiyo, utakuta muhuri umegandia ukutani. Uzungushie kipande cha kitambaa cha pamba. Kitambaa kina faida ya pili: anayemaliza kugonga anafutia wino.

Daftari nalo ni hesabu ya nafasi. Chukua karatasi ya A4, kata kipande chenye upana wa sentimita 4 kwa urefu wote wa karatasi, sentimita 29.7. Kikunje kunja kama feni, au kizungushe kama msokoto wa sigara, kisha kitie kwenye kifuko kidogo cha nailoni kinachobana mdomo. Karatasi ya kawaida inafaa kama kikopo ni kizuri. Zipo pia karatasi maalumu zisizolowa, bei yake iko juu kidogo. Weka kijipenseli kifupi kama kinaenea, penseli haisambai ikipata maji.

Ila hapa kuna ugomvi wa kimyakimya kati ya watengenezaji na watafutaji. Mtafutaji anakuja na muhuri wake wa sentimita 5, uliochongwa wiki nzima, anakuta daftari la sentimita 4. Ataugonga wapi? Wengine hubeba muhuri mdogo wa akiba kwa ajili hiyo. Wengine wanaweka alama ya kidole na herufi za jina. Mimi nadhani kama sehemu ya kuficha inaruhusu chombo kikubwa, weka kikubwa. Kidogo kiwe ni kwa sababu ya mahali, isiwe ni ya kujionyesha.

Mwisho ni mavazi. Kikopo cheusi au cheupe kinaonekana haraka, kwa hiyo kisugue kwa msasa, kipake rangi isiyong'aa ya udongo au kijani kilichofifia. Wengine wanapaka gundi na kunyunyizia mchanga wa pale pale. Mfuniko usiupake rangi sehemu unapobana, utaharibu kila kitu. Ukitaka kukigandisha kwenye chuma, bandika kisumaku kwa gundi ya mchanganyiko wa mirija miwili, maana supaglu pekee inaachia kwa baridi na mitikisiko.

Lakini tahadhari jamani. Kikopo kilichofichwa, kimezungushiwa tepu nyeusi, kina sumaku, kiko chini ya daraja... unaelewa ninachosema. Polisi wa mabomu wameshaitwa zaidi ya mara moja huko Marekani na Ulaya kwa ajili ya vyombo vya michezo hii. Kaa mbali na madaraja, vituo vya mabasi, masanduku ya umeme, shule na majengo ya serikali, na omba ruhusa kwa mwenye eneo. Hifadhi nyingi za taifa Marekani haziruhusu kuacha chombo bila kibali. Dartmoor kwenyewe kuna kanuni: huchimbi, hutumii saruji, na huweki kitu kwenye magofu au mistari ya mawe ya kale.

Kwa hiyo andika kwa wino usiofutika, juu ya kikopo na kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwamba huu ni mchezo, hakuna hatari, tafadhali rudisha ulipokikuta. Chombo cha kuonyesha ndani kinasaidia zaidi, mtu anaona muhuri na karatasi kabla hata hajakigusa. Kisha rudi kukikagua baada ya mvua kubwa ya kwanza, ukiwa na karatasi kavu na kitambaa kingine mfukoni.