Amri Isiyofika Sikioni

Jirani za askari wa Nakawa si viwanda na maduka ya Barabara ya Jinja peke yake. Katika divisheni hiyo hiyo ya Kampala yenye kambi ya jeshi ya Mbuya na makao makuu ya Polisi ya Naguru, ipo pia shule ya viziwi ya Ntinda; na katika kilima cha Kyambogo kipo chuo kikuu kinachofundisha walimu wa wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Hapo zamani kazi hiyo ilikuwa ya taasisi ya taifa ya elimu maalumu, ambayo mwaka 2003 iliunganishwa na politekniki na chuo cha ualimu vya kilimani hapo kuwa chuo kikuu kimoja. Walimu wa aina hiyo wamejifunza mambo ambayo sisi wavaa sare twapaswa kuyajua, maana kutoyajua kwaweza kumpotezea mtu maisha.

Tulitazame neno moja tu: “Simama!” Askari wa doria hulitamka usiku, nyuma ya mtu anayetembea. Yule hasimami. Askari hurudia kwa ukali. Yule angali anakwenda, pengine anatia mkono mfukoni kutafuta ufunguo wa mlango wake. Machoni pa askari huyo ni mkaidi, labda adui. Lakini akiwa ni kiziwi, kwake yeye hakuna amri iliyotolewa. Katika mafunzo ya uofisa tulifundishwa kwamba ujumbe wa redio haujafika mpaka aliyeupokea ajibu kuwa ameupata. Kwa nini basi kanuni hiyo tuiache redioni?

Mwalimu wa viziwi hukutana na jambo hili kila asubuhi, wala hana silaha ya kumtia mtu hofu. Asipotiiwa, hujiuliza kwanza kama alieleweka. Husimama penye mwanga na kumwelekea mwanafunzi. Haongei akiwa ameugeukia ubao. Akitaka kumwita humpungia mkono, au humgusa bega kwa upole. Hapigi kelele, kwani kelele huupotosha mwendo wa midomo, na si kila kiziwi awezaye kuisoma midomo. Wakati wa ugonjwa wa Korona, kuanzia mwaka 2020, barakoa ziliwanyima viziwi hata hicho kidogo, na amri ya kutotoka nje usiku ilikuwa ikilindwa na askari wenye nyuso zilizofunikwa.

Kurunzi nayo ina somo lake. Ukimmulika kiziwi machoni umemzibia njia ya pekee ya kukuelewa. Twajua kwamba mahali pa hatari askari hajimuliki mwenyewe. Lakini kwenye kizuizi cha mjini, chenye askari kadhaa na taa za magari, mmoja aweza kuuangazia mkono wake unaosema “ngoja”. Na pingu? Kiziwi huzungumza kwa mikono. Akifungwa kwa nyuma amefungwa na ulimi, na mkalimani wa lugha ya alama akija kituoni hatapata la kufasiri.

Wala ufundi huu si mgeni kwetu. Kikosi kikiwa porini huongozwa kwa ishara za mikono bila sauti, na askari wa usalama barabarani huyasimamisha magari kwa kiganja. Hata maandishi ya vipofu yamepitia mikononi mwa mwanajeshi: Charles Barbier, aliyewahi kuwa ofisa wa mizinga katika jeshi la Ufaransa, ndiye aliyebuni herufi za nukta kumi na mbili zinazosomwa kwa vidole. Louis Braille, aliyekuwa kipofu, alizipunguza nukta zikawa sita na kuchapisha mfumo wake mwaka 1829.

Wapo pia wanafunzi ambao akili zao huenda polepole. Hawa mwalimu huwapa jambo moja kwa wakati mmoja, hulionyesha kwa vitendo, kisha hungoja. Kungoja ndiko kugumu. Mtu wa namna hii akiulizwa maswali kwa haraka na kwa ukali, aghalabu hujibu “ndiyo” kwa kila jambo ili kumridhisha muulizaji. Mpelelezi asiyelijua hilo ataandika maelezo mazuri sana ya kosa ambalo mtuhumiwa hakulitenda, huku mkosaji halisi akitembea mtaani.

Tukumbuke kwamba ibara ya 78 ya Katiba ya mwaka 1995, iliyoliletea Jeshi wawakilishi bungeni, ndiyo hiyo iliyowaletea wawakilishi watu wenye ulemavu. Na mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza mwaka 1997, ukigharimia watoto wanne katika kila jamaa, mtoto mwenye ulemavu alitakiwa kuwa miongoni mwa watakaofikiriwa kwanza. Kambini nako wamo watoto hao, wengine wakifichwa ndani kwa aibu isiyo na sababu. Baba huhamishwa kituo, jamaa hufunga mizigo, na mtoto kiziwi aliyekuwa ameanza kupata lugha hufikishwa mahali pasipo na mwalimu hata mmoja anayeijua. Ofisa anayepanga uhamisho hawezi kulijua hilo kama baba hajalieleza. Basi baba na alieleze kabla barua haijatiwa sahihi.